Betri Ni ya Nani?

Kila mtu akiona nduthi ya stima anauliza swali moja: inaenda kilomita ngapi? Ni swali poa na nitalijibu na namba hapa chini, msiwe na wasiwasi. Lakini nimeishi miezi minne na moja tuliyoibadilisha wenyewe, kwa veranda ya ploti yetu Ndenderu, na nimebaki na swali lingine ambalo sisikii wasee wakiuliza. Betri ni ya nani?

Wacha nianze na anko, juu pikipiki ni yake.

Anko ni ndugu mdogo wa mathe. Ni mtu wa boda, steji yake iko Ruaka, na amekuwa na Boxer 150 kwa miaka sita. Ni yake kabisa. Hakuna mtu anamdai hata shilingi juu yake, na kwa steji yao hiyo ni kama cheo. Mwaka huu injini ikaanza kutoa moshi wa bluu, yaani inachoma oili pamoja na petroli. Fundi akafungua, akatingisha kichwa venye mafundi hutingisha wakitaka kukutayarisha kisaikolojia, akasema pistoni, ringi na vali, na hata akifanya hiyo yote hawezi kuahidi itamaliza mwaka.

Kwa hivyo anko alikuwa na njia tatu. Arekebishe injini. Achukue nduthi mpya ya petroli kwa mkopo ule wa kulipa kila siku, mvua inyeshe ama jua liwake. Ama achukue ya stima ya kampuni, zile za kubadilishana betri kwa stesheni. Mimi ndiye nilileta ya nne: tutoe injini, tuweke mota kwa fremu hiyo hiyo.

Kwa wale wageni hapa: niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa umeme. Karo ilikataa kujilipa, hiyo ndiyo stori yote. Tangu hapo nafungua vitu mbele ya kamera: redio, inverta, taa za sola, pasi ya jirani. Mathe huita hiyo kazi "kuharibu vitu vya watu na kucheka," lakini bili ya maji imelipwa na hiyo kucheka, kwa hivyo tumeelewana.

Sasa, mbona stima. Wengi wenu mnajua ile hisia ya tarehe 14 kila mwezi, EPRA ikitangaza bei ya mafuta. Oktoba 2023 petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36 kwa lita. Anko hukumbuka hiyo namba na senti zake, kama mtu anayekumbuka tarehe ya msiba. Bei ilishuka baada ya hapo, lakini mtu wa boda hajawahi kuambiwa mapema itapanda lini tena. Yeye huamka tu apate imepanda, na abiria wake anataka bei ya jana.

Halafu kuna hesabu ya fizikia ambayo ningependa wafunze kila mtu shuleni. Lita moja ya petroli imebeba nguvu ya karibu kilowati-saa tisa. Hiyo ni nyingi sana, ni kitu ya ajabu ukifikiria. Shida ni injini. Injini ndogo ya pikipiki inageuza kama robo hivi ya hiyo nguvu kuwa mwendo, na mara nyingi chini ya hapo. Zingine zote zinatoka kama joto. Ile egzosi iliyowahi kukuchoma mguu ukishuka boda? Hiyo ni pesa ya anko ilikuwa inaenda hewani, ikapitia kwa ngozi yako kwanza. Mota ya stima inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya kile unaipea. Ndio maana betri inayobeba nguvu ya theluthi moja tu ya lita ya petroli inaweza kukutembeza kutwa nzima karibu yote.

Na kubadilisha gari la mafuta liwe la stima sio kitu nimetoa kwa hewa. Hapa Kenya watu walianza na hiyo mapema. Kampuni ya Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza hapa 2017, na kati ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuchukua magari ya safari, zile Land Cruiser na Land Rover, kutoa injini ya dizeli na kuweka mota na betri. Leo wanajulikana kwa pikipiki mpya na mabasi. Lakini mwanzo ulikuwa fremu ya zamani na moyo mpya. Nilipenda hiyo. Kwa nchi ambayo gari la miaka kumi na tano bado linaitwa "safi kabisa," kutupa fremu nzima juu ya injini iliyozeeka ni ujinga.

Sasa turudi kwa swali langu.

Nikiwa bado nashawishi anko, jirani yetu wa ploti ya pili alichukua nduthi ya stima ya kampuni moja ya kubadilishana betri. Siitaji jina, na msiulize. Mfumo wenyewe, niseme ukweli, una akili. Unanunua pikipiki bila betri, kwa hivyo bei inashuka. Betri ikiisha unaingia stesheni, unatoa hii unaweka ile, dakika chache umetoka. Betri ikizeeka, hiyo ni shida ya kampuni. Kwa mtu ambaye hataki kujua volti ni nini, ni mpango mzuri, na jirani alikuwa anasmile miezi miwili yote.

Halafu usiku mmoja kitu saa tatu hivi, akiwa na abiria mama mwenye mtoto mgonjwa, alisimama kidogo, akajaribu kuwasha, ikakataa. Betri ilikuwa na chaji. Mota ilikuwa sawa. Simu ndiyo ilimwambia: malipo ya siku hayajaingia. Alikuwa amelipa saa kumi na mbili jioni, malipo yakachelewa kuonekana kwenye mfumo wao. Mtu mahali fulani hakubonyeza hata kitu, ni programu tu ilifanya hesabu ikazima pikipiki ya mtu gizani. Ilikuja kuwaka kama nusu saa baadaye. Yule mama alikuwa ameshapata boda ingine, ya petroli, yenye moshi.

Anko alisikiza hiyo stori akiwa amekunja mikono. Akaniuliza kitu kimoja tu. "Hii yako, kuna mtu anaweza kuizima akiwa ofisini?"

Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi nipigie hesabu."

Hesabu ndiyo hii. Betri shilingi 86,000. Mota ya kilowati tatu pamoja na kontrola yake, 41,000. Chaja 8,000. Waya, fyuzi, soketi, swichi kubwa na kile kifaa cha kushusha volti ili taa na honi zifanye kazi, 6,000. Fundi wa kukata na kuchomelea chuma, 7,000. Jumla 148,000. Anko alikuwa na 70,000 alizokuwa anawekea injini. Mimi nikatoa 18,000, ambayo ndiyo ilikuwa kila kitu. Hizo 60,000 zilizobaki mathe alikopa kwa chama yao ya Jumapili.

Nataka muone hapo vizuri. Mathe aliweka jina lake mbele ya akina mama kumi na wanane ambao anaonana nao kila wiki, juu ya kitu ambacho hajawahi kuona kikifanya kazi, kinachojengwa na mtoto ambaye hakumaliza chuo. Hiyo kazi ingekataa, mimi ningefuta video niendelee na maisha. Yeye angeendelea kukaa kwa kile kiti kila Jumapili.

Tulienda mjini pamoja, mimi na anko, Kirinyaga Road kwanza kutafuta sproketi na boliti, halafu Luthuli kwa waya na soketi. Kila duka nikiuliza kitu, jibu linaenda kwa anko. "Mzee, unataka ya milimita ngapi?" Anko ananiangalia. Mimi nasema. Muuzaji anamwambia anko tena. Tulifanya hivyo duka nne. Kwa la tano anko akasema, "Boss, mimi ni dereva tu, mwenye kujua ni huyu," na ghafla tukapewa bei ya kueleweka. Sina maneno mengi juu ya hiyo. Wasichana mnaosoma mnajua.

Kuhusu betri, hapa nitakaa kidogo juu hapa ndipo watu wanaweza kuumia.

Lithiamu sio kitu kimoja. Kuna aina mbili utakutana nazo sana. Ya kwanza, NMC, ni nyepesi na inabeba nguvu nyingi kwa nafasi ndogo, na ikikasirika inawaka vibaya. Ya pili ni LFP, lithiamu yenye chuma na fosfeti. Ni nzito na ni kubwa, lakini inavumilia joto zaidi na inakubali kuchajiwa mara nyingi. Watengenezaji wengi wanataja kuanzia chaji 2,000 kabla haijachoka vibaya. Kwa kitu kinachokaa chini ya makalio ya anko na mlangoni pa nyumba ya mathe, sikuhitaji kufikiria sana. Tulichukua LFP: seli 24, kila moja volti 3.2, zikishikanishwa kwa mstari zinapea volti 76.8. Uwezo ni ampea 40 kwa saa. Zidisha, unapata kilowati-saa tatu na kitu. Kilo 25 hivi.

Volti 76.8 inasikika ndogo ukilinganisha na 240 ya ukutani. Usidanganyike. Stima ya DC ikipita volti 60 inahesabiwa hatari kwa mwili. Na kuna kitu kingine ambacho watu wa nyaya za nyumba hawakuambii. Stima ya ukutani ni AC, inaenda ikirudi mara 50 kwa sekunde, kwa hivyo kila sekunde inapitia sifuri mara 100. Ukikata waya ukatoa cheche, hiyo cheche inapata nafasi ya kuzima yenyewe. DC haipitii sifuri. Cheche ikishika inaweza kuendelea kuwaka kama mtu wa kuchomelea chuma. Ndio maana fyuzi na swichi za nyumba hazifai kwa betri ya pikipiki hata kama zimeandikwa ampea zile zile. Tafuta zilizoandikwa DC, na volti yake iwe juu ya ile ya betri yako ikiwa imejaa. Yetu ikijaa inafika 87.6. Muuzaji mmoja aliniambia "fyuzi ni fyuzi." Tulitoka kwa hilo duka.

Kuna pia ile bodi inaitwa BMS, ndiyo askari wa betri. Inaangalia kila seli, ikiona moja imejaa sana ama imeisha sana ama joto limezidi, inakata. Kuna watu huuza betri bila hiyo bodi ili bei ishuke. Hiyo usinunue, hata ukipewa bure.

Kazi yenyewe ilichukua wikendi tatu. Kutoa injini ilikuwa saa mbili tu, anko alifanya akipiga mluzi. Kutengeneza kikalio cha mota ndio kulikuwa kazi. Tulipima zile tundu za boliti zilizoshika injini, fundi akakata bamba la chuma milimita sita, akatoboa, tukaweka mota hapo hapo injini ilipokuwa, ili cheni iende nyuma kwa mstari ulionyooka. Kuna mota za kuwekwa ndani ya gurudumu la nyuma, ni rahisi kufunga na hazihitaji cheni. Kwa barabara tambarare ningechukua hiyo. Lakini kutoka Ruaka kwenda Banana ni kupanda tu, na anko hubeba watu wawili na gunia la viazi akiona hakuna mtu anaangalia. Kwa mlima unataka kuweza kubadilisha sproketi upate nguvu badala ya kasi. Tena mota iliyo ndani ya gurudumu inakula kila shimo la barabara moja kwa moja, na mashimo tuko nayo.

Siku ya kuunganisha, kila mtu wa ploti alikuwa nje. Kontrola ina kapasita ndani, ziko kama mitungi mitupu yenye kiu. Ukizipea betri yote mara moja zinavuta kwa fujo, unapata mlio na cheche kwenye soketi. Kwa hivyo unapitisha stima kwa rezista kwanza, sekunde chache, zinajaa polepole, halafu ndio unafunga swichi kubwa. Nilifanya hivyo. Hakuna mlio uliotoka. Watoto waliokuja kuona ikilipuka walirudi kwao wamekasirika.

Anko akakalia. Akauliza klachi iko wapi. Nikamwambia hakuna. Giya? Hakuna. Akazungusha throto kidogo, pikipiki ikatoka kwa geti bila sauti, na akaenda. Alirudi baada ya dakika ishirini akiwa na uso ambao sijawahi kuona kwa mtu mzima isipokuwa kwa harusi. Kitu cha kwanza alisema ni kwamba kuku hawasongi. Hawasikii kitu. Mpaka leo hupiga honi akiingia ploti, na bado mimi huogopa watoto.

Namba sasa. Siku ya kupima tulijaza betri, anko akafanya kazi kawaida, milima na abiria, tukasimama ikiwa imebaki asilimia 15. Kilomita 71. Hiyo ni wati-saa 37 kwa kila kilomita. Anko hutembea kama kilomita 110 kwa siku, kwa hivyo chaji moja haimtoshi, na mtu asikudanganye na zile namba za kwa karatasi. Anachaji usiku na anarudisha tena saa ya lunchi, saa moja na nusu, huku analala kwa kiti. Hiyo ya mchana inampea kilomita thelathini hivi. Siku yenye kazi nyingi sana lazima akatae safari ya mwisho. Hiyo ni hasara ya kweli na anailalamikia.

Kwa pesa: zamani alikuwa anachoma lita mbili na nusu kwa siku. Tuseme shilingi 180 kwa lita, hiyo ni 450. Sasa ni uniti nne na nusu hivi kwa siku, na tokeni zetu zinatoka kama shilingi 25 kwa uniti ukijumlisha makato yote. Shilingi 115. Anabaki na 335 kila siku, siku 26 kwa mwezi, ni 8,710. Hapo bado sijahesabu oili ya injini ambayo hanunui tena. Gawanya 148,000 kwa hiyo, unapata miezi 17. Sio ule utajiri wa haraka wanaouza kwa matangazo. Lakini amelipa chama ya mathe miezi minne mfululizo bila kukumbushwa.

Keateka wa ploti alikuja wiki ya kwanza akisema tutaangusha stima ya nyumba zote. Nikamwonyesha chaja: inavuta wati 950 hivi. Shawa ya maji moto ya nyumba namba saba inavuta zaidi ya mara nne ya hiyo na hakuna mtu amewahi kuiandikia barua. Aliangalia namba saba, akaniangalia, akaenda. Lakini alikuwa na haki kuuliza, na nilibadilisha waya wa soketi ya veranda ukawa mnene, juu extensheni za mia mbili mia tatu za dukani hazikutengenezwa kubeba hiyo kwa saa nne kila usiku.

Mathe naye aliweka sheria moja: hiyo kitu hailali ndani ya nyumba. Na ni sheria sahihi kuliko yote niliyosoma mahali popote. Nyumba yetu ina mlango mmoja. Betri yoyote, hata LFP, hata ya bei ghali, hauichaji kati yako na mlango wa pekee wa kutokea. Ikishika moto unatokea wapi? Kwa hivyo inachajiwa veranda, imefungwa mnyororo kwa nguzo, na anko amenunua kufuli ya bei kuliko viatu vyake. Nimeona watu wakichaji betri za skuta chini ya kitanda. Kama ni wewe, amka uitoe.

Mtu ataniuliza, stima ikipotea je? Inapotea. Agosti 25, 2023 nchi karibu yote ilizima na nadhani wengi wenu mnakumbuka mlikuwa wapi. Lakini stima ya Kenya ikiwa iko, sehemu kubwa inatoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, kwa maji na kwa upepo. Mvuke hauzimiki usiku nikiwa nimelala, na usiku ndio watu hawatumii. Yaani anko anachaji saa ile nchi ina stima ya ziada. Serikali tayari iliweka tarifa ya bei nafuu ya kuchajia magari ya stima, lakini hiyo ilipangwa kwa wenye stesheni na mita zao. Mtu wa tokeni kwa ploti analipa kama anayechemsha chai.

Na hapo ndipo nimekwama, kwa upande wa karatasi. Logibuku ya anko ina namba ya injini. Hiyo injini sasa iko kwa gunia nyuma ya kochi letu, na haiuzwi hadi karatasi zibadilike, kwa hivyo kama unapanga kufanya hii kitu usikimbie kuuza yako. Nilienda ofisi moja kuuliza utaratibu wa ukaguzi. Fomu niliyopewa ina nafasi ya kuandika cc. Nikaandika sifuri. Jamaa wa dirishani akasema sifuri haikubaliki. Wakala wa bima naye aliuliza hivyo hivyo: cc ngapi? Nimemwelezea mota mara tatu. Ni mtu mpole, aliandika kwa daftari, "mota kubwa." Mpaka hiyo iishe anko anatembea na barua ya fundi, picha za kazi na risiti zote kwa folda, na bado roho iko juu akiona kizuizi mbele.

Najua ukaguzi ni muhimu, mimi ndiye nimeandika mistari yote hiyo ya fyuzi. Ningetaka mtu mwenye mita aje akague kila nduthi iliyobadilishwa nyumbani, na aikatae ikiwa mbaya. Ufaransa walihalalisha kubadilisha magari 2020, lakini waliandika sheria ambayo ni mafundi walioidhinishwa na vifaa vilivyopimwa kwanza tu. Naelewa sababu. Ila tukinakili hiyo neno kwa neno, fundi wa Kariobangi hatawahi kuingia, na kitakachobaki kwa mtu wa boda ni pikipiki ambayo moyo wake ni wa mtu mwingine. Mimi ningetaka iwe kama ukaguzi wa matatu: leta uliyojenga, tuipime, ukipita upewe stika.

Kwa steji ya Ruaka waliita pikipiki ya anko "friji" wiki mbili za kwanza. Siku hizi wanamuuliza ukweli. Watatu wamekuja kwetu. Mmoja nilimwambia asijaribu, juu yeye huenda Naivasha na kurudi na hii haitamfikisha. Wa pili anatafuta pesa ya betri.

Wa tatu alikuwa yule jirani wa pikipiki iliyozimwa usiku. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akazunguka ya anko mara mbili, akaniuliza kama yake inaweza kuwekwa betri kama hiyo. Nikaangalia chini ya kiti. Soketi ni ya umbo lao, kontrola inaongea na betri yao peke yake, na kifuniko kimefungwa na boliti ambazo sina bisibisi yake. Nikamuuliza mkataba unasema nini kuhusu kuifungua. Akasema hajawahi kuusoma, uko kwa simu. Tuliketi hapo kwa ngazi za veranda tukausoma, kurasa kumi na nne, mathe akatuletea chai.

Kwa ukurasa wa tisa akasema, "Ngoja. Rudi juu kidogo. Hiyo inamaanisha nikimaliza kulipa bado siwezi?"

Nikarudi juu, nikamsomea tena polepole.